Jicho la Mama Mkwe

Mume wangu ni fundi wa lipu. Kama hujawahi kuishi na fundi wa lipu, ni yule anayekuja wenzake wakishamaliza kujenga, akafunika makosa yao kwa mchanga na saruji, akasugua, akalainisha, watu wakaingia wakasema nyumba nzuri. Kazini wanamwita Laini. Wao wanadhani ni kwa sababu ya kuta zake. Mimi niliyeolewa naye najua ni kwa sababu ya mdomo wake pia. Bwana huyu hajawahi kukutana na ufa akauacha uonekane.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana ni fundi wa matofali, jina lake la kazi Mstari. Wamefanya kazi pamoja tangu enzi ambazo wote wawili walikuwa na nywele. Mstari anapandisha ukuta, Laini anafuata nyuma anaupaka. Mstari ni mrefu, maneno yake ya kuhesabu, na ana tabia ya kufumba jicho moja anapokutazama, anapima kama umesimama sawa. Siku moja aliingia kwangu, na kabla hata sijamkaribisha kiti akaniambia, "Shemeji, kabati lako la vyombo limeinamia mlangoni." Nililipima baadaye kwa futi yangu ya ushonaji. Lilikuwa limeinama.

Sasa huyu Mstari ana pima maji. Mafundi wote wanazo: ni ubao wenye kichupa cha kioo katikati, ndani yake maji, au spiriti, na kiputo cha hewa. Unauweka juu ya kazi yako. Kiputo kikitulia katikati ya alama, kazi iko sawa. Kikikimbilia upande, umeharibu, bomoa. Siku hizi zinatengenezwa za plastiki, za rangi ya njano, zinaning'inia madukani pamoja na ndoo na fagio. Ya Mstari ni ya mbao nzito, ncha zake zimevikwa shaba, na imeng'aa kwa viganja vya watu wawili tu: mwalimu aliyemfundisha kazi, na yeye mwenyewe. Mwalimu alimkabidhi alipozeeka, akampa sharti kwamba asimwazime mtu.

Mstari huifunga kwenye kipande cha blanketi. Anaiita Mama Mkwe, kwa maelezo kwamba inaona kila kosa, haicheki, na huwezi kuijibu. Na kwa kuwa ni mama mkwe, ina heshima zake. Ncha yenye alama ya mwalimu hukaa mkono wa kulia, siku zote, kazi zote. Hageuzwi, kwa sababu mama mkwe hapewi mgongo. Mke wa Mstari husema nyumba yao ikishika moto, Mama Mkwe atatolewa kwanza, halafu yeye ataambiwa ajitahidi.

Sasa nije kwenye kizingiti changu cha dirisha, maana bila hicho yasingetokea yote haya.

Mimi nashona sare za shule, na cherehani yangu iko chini ya dirisha la sebuleni. Tulipohamia nyumba hii, Laini alinijengea kizingiti kipana cha saruji, niweke vitu vyangu. Ni kizuri, kimelainishwa mpaka kinateleza, na kimepinda. Sisemi kwa chuki. Ukiweka nyanya upande wa kulia zipate jua ziive, unageuka, unarudi, zote zimehamia kona ya kushoto. Ukiweka kikombe, chai inapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Miaka yote nimelisema hilo, na miaka yote nimejibiwa. Nyanya hazina umbo la kueleweka. Kikombe kilitoka kiwandani na kasoro. Kuna upepo. Siku moja aliniambia, bila aibu, kwamba ni mimi ninayekaa upande.

Basi kaka yake Mstari akaugua huko mbali, na Mstari akalazimika kusafiri kwenda kumuuguza. Paa la nyumba yake lilikuwa linavuja wakati ule. Akaja kwetu na kile kipande cha blanketi, akamkabidhi mume wangu kwa mikono miwili.

"Sikuazimi," akasema. "Namlaza tu hapa."

"Atalala salama," Laini akasema, mkono kifuani.

Mstari alipoondoka tu, mimi nikaanza. Ningeachaje? "Haya, Mama Mkwe yupo ndani. Mlete dirishani atuamulie, leo leo, yaishe."

Laini akaniambia kitu cha watu ni amana, hakiguswi, na kwamba ananishangaa mtu mzima kama mimi. Aliongea kwa uadilifu mkubwa sana. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Siku iliyofuata nilitoka kupeleka sare shuleni. Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye kigoda changu cha cherehani, kiganja wazi, ndani ya kiganja vipande vya kioo. Chumba kilinuka spiriti. Blanketi lilikuwa sakafuni, na kando yake mwiko wake wa kazi.

"Nini hicho?"

"Ametokwa na jicho," akasema kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Mama Mkwe."

Nikaketi juu ya rundo la sketi. Akanieleza. Alimweka kwenye kizingiti ili nikirudi nimkute amekaa pale, kiputo katikati, niaibike, niombe radhi, tusizungumze tena habari za nyanya. Lakini kiputo kikakimbilia kulia. Akangoja. Kikabaki kulia. Mtu mwingine angesema, ala, kumbe kizingiti kimepinda. Mume wangu akasema, ala, kumbe kiputo kimekwama.

"Nikakigonga na ukucha," akasema. "Hakikusogea. Nikagonga na kidole."

"Halafu?"

Akatazama chini. "Halafu na mpini wa mwiko. Kidogo tu. Kwa heshima."

"Yaani shahidi amesema usichotaka kusikia, ukampiga."

"Alikuwa amekwama, mke wangu! Wewe huelewi vitu vya ufundi."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikaacha kucheka nilipoona anajaribu kuunganisha vipande vile kiganjani. Nikamwambia jambo ambalo mtu yeyote angemwambia: Mstari akirudi, mwambie siku hiyo hiyo. Atanuna, atapona.

"Nitamwambia, bwana. Kwani mimi mtoto?"

Asubuhi yake nikamkuta yuko dirishani, amekwisha kuipasua pima yake mwenyewe, ya plastiki, amechomoa kichupa chake, anakipachika kwenye tumbo la Mama Mkwe kwa saruji nyeupe. Na kazi ya mikono yake naijua. Ungemletea hata aliyeitengeneza asingejua. Kingo za saruji akazipaka majani ya chai yaliyokolea na masizi kidogo ili zionekane za zamani. Alikuwa anapiga mluzi.

"Ulipimaje kama umekiweka sawa?" nikamwuliza.

"Nimempachikia hapa hapa kwenye kizingiti," akasema. "Mahali pekee katika nyumba hii ambapo nina uhakika napo."

Nikamtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania.

"Tena atakuwa bora kuliko zamani," akaongeza. "Ule ukwamaji umeondoka."

Hapo nikaamua. Nikamwambia kwamba mimi sitasema neno, kwa sababu kosa ni lake na mdomo ni wake. Lakini mpaka siku atakayofungua huo mdomo, chai yangu ataipata bila sukari. Mume wangu huweka sukari mpaka kijiko kinasimama. Nilijua nimemshika pabaya.

Kaka alipopona, Mstari akarudi, na hata nyumbani kwake hakupitia, alikuja moja kwa moja kwetu. Akafungua blanketi, akafumba jicho moja, akainama.

"Jicho lina nuru," akasema.

Sindano ikanichoma kidole. Laini akakohoa. "Nilimfuta futa kidogo."

Mstari akamlaza tena kwenye blanketi. Kisha akamkumbatia mume wangu, yeye Mstari ambaye hata harusini kwake mwenyewe alitoa mkono tu. "Tangu mwalimu afariki," akasema, "hakuna mwingine aliyewahi kumfuta." Laini akanitazama juu ya bega la rafiki yake, akiniomba nimwokoe. Nikaendelea kushona. Nilidhani hapo hapo atasema. Akasema, "Karibu chai."

Wakati ule walikuwa wanamjengea nesi mmoja mstaafu, mama mwenye sauti ya wodini na kiti chake cha kukunja. Kila siku alikuja na mwavuli, akakaa kivulini mwake, akaangalia kila tofali linavyolala. Nilikuwa namshonea gauni, kwa hiyo nilifika pale kumpima, na niliyaona haya kwa macho yangu.

Nesi alinyoosha mwavuli wake kuelekea ukuta wa chumba cha kulala. "Fundi, huu ukuta unakwenda wapi?"

Mstari akarudi nyuma, akafumba jicho. Nikaona uso wake unabadilika. "Jicho langu linaniambia unashukia kushoto," akasema taratibu.

"Hata la kwangu linaniambia hivyo."

Akamchukua Mama Mkwe, alama ya mwalimu mkono wa kulia, akamweka juu ya matofali kwa upole. Kiputo kikatulia katikati, kimya kabisa. Mstari akakitazama kwa muda. "Mama Mkwe anasema uko sawa."

"Na wewe unamwamini nani?"

"Yeye hajawahi kukosea," Mstari akasema, na akaomba tofali jingine.

Upande wa pili wa ukuta ule Laini alikuwa anapiga lipu. Nilimsikia ameacha kusugua. Hakutoka.

Ukuta ukapanda na kuinama, Mstari akaubomoa, akaupandisha tena, ukainama vile vile. Nesi akamwambia alete fundi mwingine na pima nyingine. Mstari, ambaye hapandishi sauti, akasema siku atakayosahihishwa na plastiki ndiyo siku atakayoacha kazi. Basi Nesi akatoa hukumu ya kitaalamu. "Ni macho, fundi. Umri umefika. Nenda ukapime."

Unajua nani alimpeleka? Mume wangu. Alinisimulia mwenyewe jioni, akinywa chai yake kavu huku uso umekunjana.

"Nikamshika mkono tukavuka barabara," akasema.

"Ulimshika mkono?"

"Kuna magari pale."

"Laini. Mtu ana macho mazima, umemshika mkono ukamvusha barabara?"

Akasogeza kikombe. Nilikasirika usiku ule hata sikumgeukia. Nilitaka kwenda mwenyewe kugonga mlango wa Mstari. Lakini nilikuwa nimesema sitasema, na mimi nami nina ukaidi wangu, tena nilikuwa nangoja kwa hamu siku ambayo mume wangu atalazimika kulitaja jambo la kizingiti. Hilo nalo, nikisema ukweli, lilinishika.

Daktari hakuona ugonjwa wowote. Lakini mtu akienda mpaka kule hatoki mikono mitupu, akapewa miwani ya kusomea, yenye fremu nene nyeusi. Mstari akaivaa kazini. Akatazama ukuta. Kwa miwani, ukuta ulikuwa umepinda waziwazi zaidi. Akamweka Mama Mkwe. Kiputo katikati.

"Basi si macho," akasema. "Ni kichwa."

Mkewe alinipitia akilia. Alisema Mstari hali chakula. Anakaa kitandani anamwuliza kama taa inawaka vizuri, kama mlango uko pale pale ulipokuwa. Anafunga vifungo vya shati kisha anavihakiki kwa vidole. Nilirudi ndani nikamwambia Laini neno kwa neno. Akaenda kusimama uani, akasimama kule mpaka nikamwita kula, na hakula.

Jumapili mchana Mstari akaja. Amevaa shati lililopigwa pasi, miwani usoni, blanketi kwapani. Akaketi kwenye kiti cha karibu na dirisha. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nyanya zangu kizingitini kwenye kapu, Laini mlangoni.

"Nimekuja kuaga," Mstari akasema. "Naacha kazi. Nesi nimekwisha kumwambia atafute mtu. Binti yangu ana duka lake, nitamshikia. Nitauza madaftari na peremende. Kule kitu kikipinda hakuna anayeangukiwa."

"Usiseme hivyo," Laini akasema.

"Nasema, ndugu yangu. Fundi asiyeyaamini macho yake ni hatari." Akaweka blanketi magotini, akalifungua. "Mwalimu aliniambia nisimwazime. Hakuniambia nisimrithishe. Katika maisha yangu ni wewe tu uliyemfuta bila kuambiwa. Mchukue."

Laini hakunyoosha mkono.

Mstari akamnyanyua Mama Mkwe amtazame mara ya mwisho, na kwa kuwa fundi hawezi kumshika bila kumweka mahali, akamweka kwenye kizingiti changu, alama mkono wa kulia. Kiputo kikatulia katikati, sawa na kichupa kilivyopachikwa. Mstari akafumba jicho moja nyuma ya miwani. Kisha akacheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka.

"Unaona? Hata hapa. Macho yangu yananiambia kizingiti hiki kimeinamia kushoto, tena vibaya. Naye anasema kiko sawa. Nakwambia ukweli leo kwa vile naondoka: tangu siku ulipokijenga nakiona kimepinda. Nikawa nanyamaza nisikuudhi. Kumbe ugonjwa nilikuwa nao tangu zamani hizo."

Mguu wangu uliacha kanyagio. Nilikuwa na pini midomoni, na namshukuru Mungu kwa pini hizo. Nilimtazama mume wangu. Sijawahi kumwona vile. Alikuwa anatafuta neno laini la kupaka hapo, na nilimwona akilitafuta, na nilimwona akiliacha.

Akaja dirishani. Akachukua nyanya kwenye kapu, akaiweka upande wa kulia, akaiachia. Nyanya ikajiviringisha mbele ya Mama Mkwe, ikashika kasi, ikafika mwisho, ikadondokea kiatu cha Mstari.

"Kimepinda," Laini akasema.

"Nini?"

"Kizingiti. Kimepinda. Kimepinda tangu nilipokijenga." Akamgeukia rafiki yake. "Macho yako mazima, Mstari. Mama Mkwe ndiye anayedanganya, na ni mimi niliyemfundisha."

Akayasema yote. Alivyomtoa kwenye blanketi, alivyogonga, kichupa cha plastiki, saruji nyeupe, majani ya chai. Alipofika kwenye majani ya chai alitaka kuanza kueleza jinsi alivyoyapima, kisha akajizuia. Mstari alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Alimshika Mama Mkwe kwa ncha zote mbili, akamgeuza, alama ya mwalimu mkono wa kushoto, akamweka tena pale pale. Kiputo kikakimbilia kulia mpaka kikajibana kwenye ncha ya kichupa.

Akakitazama sana.

"Ulimgonga na nini?"

"Mpini wa mwiko."

"Mwiko upi?"

"Ule mdogo."

Akatikisa kichwa polepole, kana kwamba ule mkubwa ungekuwa jambo jingine. Akavua miwani, akaikunja. "Kwa hiyo sijapofuka."

"Hujapofuka."

"Na kichwa?"

"Kichwa kizima. Mbovu ni mimi."

Mstari akatazama kabati langu la vyombo kule ukutani. "Lile bado limeinamia mlangoni," akasema.

"Bado, shemeji," nikasema, pini zimekwisha kunitoka. "Limeinama sana."

Akapumua kwa nguvu, akajifuta uso kwa blanketi la Mama Mkwe, na kwa kitambo kidogo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote niliopata kuwaona. Kisha furaha ikapita, ikaja hasira.

"Ulinishika mkono barabarani," akamwambia Laini.

"Ndiyo."

"Nikakwambia asante."

"Ulisema."

"Kioo ni kioo. Ungeniambia kimevunjika ningekasirika, ningekunyima salamu, yangekwisha. Lakini uliniacha niogope macho yangu mwenyewe. Nimelala nikiogopa kufumbua macho asubuhi. Wewe ulijua, na ulikuwa unaniuliza naendeleaje."

Laini akainama akaiokota nyanya miguuni pa rafiki yake. Machozi yalimtoka bila mpango, yakamwingia kwenye ndevu. "Nisamehe," akasema mwishowe.

"Subiri. Bado nina hasira."

"Sawa."

"Shemeji, nipe chai nikasirike vizuri."

Nikaleta chai. Mstari akanywa, akakasirika, hatukumkatiza. Kwenye kikombe cha mume wangu niliweka sukari mpaka kijiko kikasimama. Aliona. Kikombe kilipoa mbele yake bila kuguswa, na hapo nikajua kwamba amesema kweli mpaka mwisho.

Kesho yake Mstari alimchukua mpaka kwa Nesi, akamsimamisha mbele ya kile kiti cha kukunja na mafundi wote, akamwambia aanze upya. Laini akaanza upya. Nesi alimsikiliza, mwavuli umetulia. Alipomaliza alimwambia kwamba amefanya kazi hospitali maisha yake yote, ameona watu wa kila namna, lakini hajawahi kuona mtu anamuuguza rafiki yake ugonjwa aliomtungia mwenyewe. Kisha akamwuliza atasimama pale mpaka lini, ukuta haujibomoi.

Wakaubomoa. Laini alisomba matofali, akachanganya udongo, akasomba tena. Mstari akaupandisha bila pima yoyote, jicho moja limefumbwa. Ulipofika juu Nesi alitoa pima ya plastiki aliyoinunua mwenyewe kwa siri, akaomba radhi, akaiweka. Kiputo kikaenda katikati kikakaa. Mstari akasema plastiki nayo inajitahidi.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Jumamosi akaja kwetu tena na blanketi, akamtoa Mama Mkwe, akamweka kwenye kizingiti changu, alama mkono wa kulia.

"Ulimfundisha kwa kizingiti hiki," akamwambia mume wangu. "Basi aishi nacho. Mimi sikujifunza kujenga kwake, nilijifunza kwa mwalimu, na mwalimu alinifundisha kutazama. Nilikuwa nimesahau."

"Nitakutafutia kichupa kizuri," Laini akasema. "Nitampachika vizuri, tutapima kwa mpira wa maji, maji hayadanganyi, twende hata leo..."

"Hapana. Akae hapa. Kizingiti kisiguswe, kisinyooshwe, kisipakwe. Mgeni akiingia akauliza mbona kitu kimepinda na pima inasema kiko sawa, utamweleza wewe, kwa mdomo wako. Na usilainishe."

Nikaacha cherehani. Miaka yote hii nimeomba kizingiti kinyooshwe! Mume wangu amekubali kwamba kimepinda, amekubali mbele ya mashahidi, nilikuwa nimekwisha kuchagua siku ya kukibomoa, na leo naambiwa kisiguswe?

"Shemeji, na mimi je? Mimi kosa langu nini?"

Mstari akanigeukia, akafumba jicho moja, akanitazama namna ile anavyotazama kuta.

"Wewe ulijua, shemeji," akasema.

Hakusema kwa ukali. Nilifungua mdomo nimwambie habari za sukari, na jinsi nilivyomgeuzia Laini mgongo kitandani, na kwamba kosa halikuwa langu na mdomo haukuwa wangu. Nikaona jinsi yote hayo yatakavyosikika. Nikaufunga.

Sasa wazazi wakija kuchukua sare, macho yao huenda dirishani. Wanauliza, na Laini, kama yupo, anaweka chini alichoshika na kuanza: kizingiti hiki nimekijenga mimi na kimepinda. Huwa nasimamisha mashine nisikie vizuri. Akifika kwenye "nilimgonga kidogo tu", Mstari, kama yupo, anakohoa, naye Laini anarudia: nilimgonga. Halafu mgeni hunigeukia mimi, akicheka, akaniuliza wakati huo wote mwenzetu ulikuwa wapi.

"Nilikuwa hapa hapa," nasema, nakanyaga mashine. Nyanya aliyoiachia Laini inafika kwenye kona yake, inadondoka, nami nainama naiokota.